Hukuuziba Ufa, Umeuhamisha: Historia ya Kuunga, Kutoka Mtepe Hadi Bandari ya Lamu

Kuna video yangu moja hamtaipata tena. Niliifuta mwenyewe. Kama mlikuwa mnanifuata wakati ule mtaikumbuka: mimi na ngao ya kuchomelea usoni, cheche zinaruka, muziki uko juu, alafu mwisho naipiga chesisi ya lori nyundo mbili na kusema, "Hapa sasa hata tembo akae." Watu waliipenda. Mpaka leo hakuna kitu nimewahi kupost kikaangaliwa vile.

Miezi mitatu baadaye ile chesisi ilikatika.

Na haikukatika pale nilipochomelea. Ilikatika kando, kama sentimita mbili kutoka ukingo wa kiraka changu, mstari mnyoofu kama umepigwa rula. Lori lilikuwa limebeba mawe. Utingo aliruka. Dereva alivunjika mkono. Yule dereva ana watoto, na kwa wiki saba hakushika usukani. Wiki saba bila kazi, watu wangu, sababu ya mkono wangu mimi na kiburi cha kamera.

Leo sileti video. Naleta historia, manake nilipoanza kutafuta nilikosea wapi, nilijikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka elfu, na kumbe jibu lilikuwa nyumbani muda wote.

Lamu mnayoijua na Lamu nisiyoipost

Ukimtajia mtu wa Nairobi Lamu, atakwambia punda, milango ya nakshi, na mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001. Atakwambia hakuna magari vichochoroni. Yote kweli. Lakini vuka na boti uende bara, ushukie Mokowe, ufuate barabara ya Hindi, ama ukate kuelekea Kililana iliko bandari mpya. Kule kuna tingatinga, eskaveta, greda, loda na matipa ya mawe. Na palipo na mashine hizo, chumvi ya bahari ikiwa hewani na barabara za vumbi na matuta, chuma hupasuka. Kikipasuka, anaitwa fundi.

Fundi huyo kwangu mimi ni ami yangu, ndugu yake baba. Nilienda kwake nilipoacha chuo. Nilikuwa mwaka wa 2 wa uhandisi. Wengi mnajua nilisema niliacha "kufuata ndoto yangu." Ukweli ni kwamba karo ilikuwa imenishinda, na mitihani miwili pia. Nikarudi Lamu nimenyamaza, ami akanipa ovaroli na brashi ya waya. Kwa miezi sita kazi yangu ilikuwa kusugua kutu. Nilichoka kusugua. Siku moja ami amesafiri, likaja lile lori, mwenyewe ana haraka, nami nikajiona fundi tayari. Nikakata bamba zito la mraba, nikalifunika juu ya ufa, nikachomelea pande zote 4 bila kuacha hata nafasi ya kupitisha uzi. Nikawasha kamera.

Lori lilipoletwa tena likiwa limekatika, ami aliinama, akalitazama lile bamba langu muda mrefu. Hakunipigia kelele. Alisema: "Ndoo uone. Weye hukuuziba ufa. Umeuhamisha."

Sote tumekuzwa na ile methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, na bado nilijenga ukuta! Nikamuuliza ami, sasa mtu azibe vipi? Akanijibu jambo lililoniudhi siku hiyo: "Kwanza jua kitu chenyewe hutembea vipi." Kisha akanituma nikaangalie mtepe.

Chombo kisicho na msumari

Mtepe hamtaupata ukielea. Nenda Makumbusho ya Lamu, utaona mfano wake mdogo. Ulikuwa chombo cha watu wa visiwa hivi, Wabajuni na majirani zao, na hadi mwanzo wa karne ya 20 bado ulikuwa unaonekana pwani hii. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Lakini kilichowashangaza wageni ni mbao zake: zilishonwa. Hakuna msumari wa chuma. Mbao zilipangwa ubavu kwa ubavu, zikashikizwa kwa vijiti vya mti, kisha zikatobolewa na kushonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi.

Ushonaji huu ni wa kale. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaitwa Periplus, na mwandishi wake anataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Karne nyingi baadaye wageni walikuwa bado wanaulizana kwa nini hatutumii misumari. Kukazuka hata hadithi kwamba chini ya bahari kuna miamba ya sumaku inayonyofoa misumari. Hadithi tamu, lakini sababu iko karibu zaidi ya hapo.

Chombo kilichoshonwa hujinyonga. Wimbi likikiinua mbele na kukiacha nyuma, mbao husogea kidogo, kamba hunyooka na kurudi. Kikipwelewa kwenye mchanga ama kikigusa jiwe, kina nafasi ya kupokea pigo bila kupasuka. Kamba ikichoka unaifungua na kushona upya, kipande kwa kipande. Siwadanganyi kwamba ulikuwa chombo kamili. Mtepe ulivuja, na mabaharia walikesha wakifua maji. Jahazi la misumari lilikuja kuushinda kwa sababu lilikuwa imara zaidi kwa mizigo mizito. Hata hivyo tazama jahazi linavyotengenezwa Matondoni mpaka leo: baada ya misumari, fundi hupitisha kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, katikati ya mbao. Mbao zikivimba na kusinyaa, pamba inafuata. Bado wameacha mahali pa kupumua.

Sasa rudi kwa lori langu. Chesisi ya lori ni reli mbili ndefu za chuma zenye mbavu za kukingama, kama ngazi. Nenda katazame lori lolote kubwa limeegeshwa: mbavu nyingi zimefungwa kwa ribiti na bolti, si kwa kuchomelewa. Mimi nilidhani ni uzembe wa kiwanda. Kumbe ni makusudi. Gurudumu moja likiingia shimoni, ngazi yote inajinyonga, na kule kujinyonga ndiko kunakoiokoa. Mimi nilichukua kitu kilichotengenezwa kijinyonge, nikakifunga bamba gumu la mraba katikati. Pale chini ya bamba pakawa pagumu kama jiwe. Kujinyonga kote kukahamia ukingoni mwa bamba, kwenye mstari mmoja, shimo baada ya shimo, mara elfu. Chuma nacho huchoka, jamani. Hakipasuki kwa sababu ya mzigo mmoja mkubwa tu. Mizigo midogo inayojirudia mahali pamoja inatosha.

Mafundi wa mtepe hawakuwa na neno la chuo kwa jambo hili. Lakini walilijua mikononi.

Moto nao tulikuwa nao

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia, "Sawa, sisi ni watu wa kamba, welding ni ya Wazungu." Subiri kidogo.

Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akiandika kule Sicily, alitaja chuma katika habari zake za Malindi na Mombasa. Alisema ni bidhaa ya huku, inachimbwa na kuuzwa. Miaka ya 1980 Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, mabaki ya kazi ya chuma yalikuwa kati ya vitu vilivyotoka ardhini. Na mwanaakiolojia wetu Mkenya, Chapurukha Kusimba, alikaa na wahunzi wa pwani, akachunguza vipande vya chuma kutoka miji ya kale maabarani. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha matokeo: miji hii ilifua chuma chake yenyewe na pia ilitumia cha kutoka nje, na Galu, kusini ya Mombasa, kulipatikana hata chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya chungu. Hiyo si kazi ya kubahatisha.

Siyu, pale pale kisiwani Pate, karne ya 19 ilikuwa mji wa mafundi: majambia, viatu vya ngozi, milango, viti. Ni Siyu hiyo hiyo ambayo miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, iliwashinda askari wa Seyyid Said. Kwa hivyo tunapowasimulia watalii kwamba Siyu ni ngome nzuri ya kupiga picha, tunaacha nusu ya habari. Mji ule ulikuwa na nyundo pia.

Na wahunzi wa kale walichomelea kabla ya umeme. Unaweka vipande viwili kwenye makaa, unavuta viriba mpaka chuma kinakuwa cheupe na kuanza kutema cheche. Unakitoa kwa koleo, unavilaza juu ya fuawe kimoja juu ya kingine, unapiga haraka kabla hakijapoa. Vikishikana vinakuwa kimoja. Ukichelewa kidogo havishikani. Ukizidisha moto, chuma kinaungua na kuwa kapi. Hakuna kipimajoto hapo, ni rangi na jicho. Ami akipasha chuma leo kabla ya kuchomelea, bado anaangalia rangi kwanza.

Welding ya umeme ilizaliwa bandarini

Kilichobadilika mwishoni mwa karne ya 19 ni moto wenyewe. Mrusi Nikolai Benardos alionyesha miaka ya 1880 kwamba cheche ya umeme inaweza kuyeyusha na kuunga chuma. Kisha akaja Mswidi Oscar Kjellberg, mhandisi wa meli. Alikuwa anahangaika na boila za meli zilizopasuka bandarini Gothenburg, kwa sababu uungaji wa wakati ule ulikuwa unatoka na matundu. Akafikiria kuifunika rodi kwa ganda ambalo likiungua linatoa moshi wa kuukinga ule uji wa chuma usiguswe na hewa. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Rodi ambayo fundi wa Mokowe anaishika leo ni mjukuu wa ile. Yaani hii kazi ilianza kama kazi ya kukarabati, fundi ameinama juu ya kitu kilichovunjika na mwenye meli anamwangalia kwa hasira. Mtu akiwaambia kukarabati ni kazi ya walioshindwa, mwambieni hivyo.

Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, meli za Kijerumani zilikuwa zimekwama katika bandari zake. Mabaharia wake walivunja mitambo kwa nyundo ili zisitumike. Walihesabu kwamba kuifua upya kutachukua muda mrefu sana. Mafundi wakachomelea vile vilivyovunjika, na baada ya miezi tu meli zilikuwa zinabeba askari wa Marekani. Dunia ikaamini: welding inaweza chochote.

Ndipo dunia nayo ikafanya kosa langu.

Vita ya pili, Marekani ilihitaji meli nyingi kwa haraka. Ribiti zinachukua muda, kwa hivyo meli za mizigo zilizoitwa Liberty zilichomelewa. Zilijengwa 2,710. Ni kazi ya ajabu, siibezi. Lakini zikaanza kupasuka. Tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady, nayo ya kuchomelewa, ilikuwa imetia nanga gatini Portland, Oregon. Maji yametulia, hakuna adui, hakuna dhoruba. Ikalia mlio mkubwa, ikakatika karibu vipande viwili pale pale.

Wataalamu wakakuna vichwa. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma cha aina ile kikipata baridi huacha kupindika na kuanza kuvunjika kama kigae. Huku Lamu baridi hiyo hatuna. Lakini kulikuwa na mambo mengine mawili, na hayo yanatuhusu. La kwanza, nyufa nyingi zilianzia kwenye pembe za mraba za milango ya ngama, manake pembe kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja. La pili, meli ya ribiti ni mabamba mengi yaliyobanana. Ufa ukianza kwenye bamba moja hufika ukingoni, ukakosa njia. Meli ya kuchomelewa ni chuma kimoja kuanzia mbele hadi nyuma, na ufa ukianza una barabara kuu. Dawa yao ilikuwa nini? Wakazungusha pembe, wakaongeza mabamba ya kuimarisha, na mahali pengine wakarudisha mishono ya ribiti ili ufa ukifika hapo usimame.

Niliposoma hiyo usiku mmoja kwenye simu, nilikaa kimya. Bamba langu lilikuwa na pembe 4 za mraba. Nilikuwa nimerudia, Mokowe, kosa ambalo dunia ililijua miaka 80 kabla. Na aibu zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa na intaneti, si ami.

Mashine kubwa, ahadi kubwa

Mashine nzito zina historia yake Afrika Mashariki, na mara nyingi historia hiyo huanza na hotuba. Jirani zetu Tanganyika waliiona mapema. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, baadaye Nachingwea na Urambo. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Hapakuwa na matrekta ya kutosha, wakanunua mitambo iliyobaki vitani, na vifaru vya Sherman vikabadilishwa kuwa matrekta yakaitwa Shervick. Mashine zilifika zimechoka. Mizizi ya misitu ya Kongwa ikapinda vyuma, udongo wake ukakauka kama saruji na kusaga majembe. Mashine nyingi zikalala karakana mwaka ule ule wa kwanza. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pesa za Waingereza makumi ya mamilioni ya pauni zimekwenda.

Ninachojifunza Kongwa si kwamba mashine ni mbaya. Ni kwamba wapangaji walihesabu ekari, wakahesabu karanga, lakini hawakuhesabu ufa. Hawakujiuliza mashine itakapovunjika nani ataiunga, kwa rodi gani, na analipwaje.

Sasa njoo kwetu. Tarehe 2 Machi 2012, Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET hapa Lamu. Bandari, barabara, reli, bomba la mafuta. Kampuni ya Kichina ya CCCC ilipewa magati 3 ya kwanza, kila moja urefu wa mita 400. Bahari ikachimbwa, mikoko ikaondoka, mashine zikaja kwa meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa hasara waliyopata. Tarehe 20 Mei 2021 Uhuru Kenyatta akafungua gati la kwanza.

Mimi nilikuwa kijana wakati hayo yote yanafanyika, na sentensi tuliyoisikia sana ilikuwa moja: vijana wa Lamu hawana ujuzi. Kazi ziko, ujuzi hamna. Baba anairudia, chifu anairudia, sisi wenyewe tukaamini. Lakini mashine zilipopasuka, mara ngapi nimemwona mtu wa kofia ngumu anakuja karakana ya ami jioni, anaongea kwa upole? Kazi hiyo haina mkataba, haina jina lake popote. Analipwa taslimu, na asubuhi anarudi kuwa "yule wa jua kali." Watu wa Shanga walifua chuma, wa Siyu wakafua majambia, Wabajuni wakashona vyombo vilivyovuka bahari, alafu mjukuu wao aambiwe hajui kuunga?

Ila pia nisiwe mnafiki. Mimi nilikuwa ushahidi wao. Ningekuwa na kazi pale bandarini kwa ujuzi wa ile video yangu, ningeua mtu. Ujuzi wetu upo, lakini haurithiwi kwa damu. Unarithiwa kwa kusugua kutu miezi sita bila kulalamika.

Jinsi ami anavyoziba ufa

Nitawaeleza, kwa sababu kosa langu niliwaonyesha, basi na dawa muione. Hii haikufanyi fundi. Ni kukuonyesha kuna akili kiasi gani ndani ya kazi unayoipita barabarani ukiziba macho.

Ilikuja eskaveta imepasuka mkono, ule mkono mkubwa wa juu. Huo si kama chesisi. Ni sanduku la mabamba yaliyochomelewa kiwandani, kwa hivyo kuchomelea hapo ni halali yake. Ami hakugusa rodi siku nzima ya kwanza. Alisafisha rangi na grisi mpaka chuma king'ae. Akapaka mafuta ya taa juu ya ufa, akafuta, akapaka chaki. Baada ya muda mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakapanda na kuichora chaki: ufa tuliodhani ni wa shubiri moja ulikuwa karibu mara mbili. Ncha za ufa hazionekani kwa macho, na ukiziacha, kazi yote ni bure.

Akatoboa tundu dogo kwenye kila ncha. Ufa hupenda kona kali. Ukikutana na duara, unapoteza makali. Ndiyo zile pembe za meli za Liberty, wadau. Kisha akauchimba ufa kwa grenda mpaka ukawa mfereji wenye umbo la V, ili kuunga kuanzie chini kabisa na si juu juu kama sukari ya keki. Akatenganisha betri, akafunga waya wa ardhi karibu kabisa na anapochomelea, umeme usije ukapita kwenye pini na beringi na kuziunguza, ama ukaingia kwenye kompyuta ya mashine.

Rodi zake, zile za 7018, hukaa kwenye mkebe uliofungwa. Mimi nilikuwa naona ni ushamba. Kumbe unyevu wa hewa yetu ya bahari ukiingia kwenye ganda la rodi, moto unautoa haidrojeni, ile haidrojeni inajificha ndani ya chuma, na baada ya saa kadhaa, kila mtu amelala, chuma kinapasuka chenyewe. Rodi iliyoingiwa na unyevu hairudishwi kwa kuanikwa juani. Inataka tanuri la zaidi ya nyuzi 300. Hapo ndipo niliwaza ile rodi niliyochomelea lori. Ilikuwa imelala dirishani wiki mbili.

Akapasha chuma joto, akachomelea tabaka kwa tabaka, kila tabaka anagonga ganda na kusugua kabla ya linalofuata. Alipomaliza alifunika kwa mchanga mkavu ipoe polepole. Kisha ndipo akaongeza kiraka. Kiraka chake hakikuwa mraba. Kilikuwa kirefu, kimechongoka pande mbili kama samaki, ili ugumu uanze kidogo kidogo na kuisha kidogo kidogo. Hakikuwa kizito kuliko bamba la chini. Na mwisho kabisa akamuuliza dereva: pini imelika kiasi gani? Ndoo unaipakia kiasi gani? Manake ufa ni dalili. Ukiponya dalili ukaacha ugonjwa, mgonjwa atarudi.

Siku tatu. Video yake ingekuwa inachosha sana. Nusu yake ni mtu anasugua.

Mwisho, na deni

Lile lori tulilitengeneza tena, mimi na ami. Tulikata kiraka changu chote, tukaunga reli yenyewe vizuri, kisha tukaimarisha kwa bamba refu lililofungwa kwa bolti, likiwa na ncha za kuchongoka. Sikulipwa, na sikutaka. Nilienda kwa dereva nyumbani kwake. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha kahawa kwa mkono wa kushoto. Hilo liliuma zaidi ya matusi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kubishana nami.

Moja: tuache kuuza Lamu kama mji usio na mashine, uliogandishwa kwenye kioo. Historia yetu ni ya mafundi. Mtoto anayepelekwa makumbusho kuona mtepe aambiwe pia kwa nini ulishonwa, si ulishonwa tu.

Mbili: fundi kama ami apewe karatasi yake. NITA ina mitihani ya ufundi, daraja la 3 hadi la 1, na kuchomelea kumo. Wanaoendesha miradi mikubwa huku, wanaosema hakuna ujuzi, waanze kwa kuwalipia hao walio nao mitihani hiyo, na kuwaandika kwa majina. Mimi nimejiandikisha daraja la 3. Nikifeli nitawaambia.

Tatu: wewe mwenye miaka 19 unayejifunza kila kitu kwa video za sekunde 60, zikiwemo zangu. Jifunze, mimi sikukatazi. Lakini kabla ya kuziba ufa wowote, wa chuma ama wa maisha yako, uliza kwanza kitu chenyewe hutembea vipi.

Mimi niliuhamisha ufa, na ukatokea kwenye mkono wa mtu mwingine.